Waya wa Hita ya Bafuni

Juni imeingia na baridi ya Unyamwezi imebisha hodi. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la Mwanza au la Dodoma anajua ninachosema: maji yaliyolala usiku kucha kwenye tanki juu ya paa hayaogeki. Ndiyo maana msimu huu, kwenye maduka ya vifaa vya umeme hapa mjini, hita za bafuni zinatundikwa mlangoni zionekane tangu barabarani. Ni kile kichwa cha plastiki kinachofungwa mwisho wa bomba la mvua. Maji baridi yanaingia juu, yanapita kwenye koili, yanamwagika chini yakiwa ya moto papo hapo, bila kuni, bila mkaa, bila kusubiri sufuria. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Nzega, Igunga na hapa Tabora, na bomba la mvua limetoka hotelini likaingia nyumba za watu wa kawaida, kuanzia Isevya na Cheyo hadi Ng'ambo.

Sina ugomvi nacho kifaa hiki. Mama aliyejifungua, mzee anayeumwa viungo, mtoto wa shule anayeoga bado giza, wote hao wanastahili maji ya moto. Ninachotaka tukizungumze leo ni kitu ambacho mnunuzi hakioni na mara nyingi hakiulizii: waya unaopeleka umeme kwenye hita hiyo. Tunachagua hita kwa sura na kwa bei, halafu fundi anakuja na kipande cha waya kilichobaki kwenye kazi nyingine. Hapo ndipo nyumba inapoanza kuungua, hata kama moshi utachukua miezi kuonekana.

Chukua hita uliyonayo, au ile unayotaka kununua, uigeuze. Ubavuni au mgongoni ina kibandiko chenye namba. Utaona volti, mara nyingi 220, na utaona wati. Zipo za 3500, zipo za 4500, nyingi ni 5500, na zipo kubwa za 7500. Sasa linganisha na vitu vingine vya nyumbani. Balbu ya kisasa ya LED ni wati 9 au 10. Pasi ni kama 1100. Kwa hiyo ukiwasha hita ya 5500 umewasha pasi tano kwa mpigo, zote zikivuta kwenye waya mmoja. Nyumbani kwa mtu wa kawaida hakuna kifaa kingine kinachovuta namna hiyo, labda jiko kubwa la umeme.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Gawa wati kwa volti, upate ampia, yaani kiasi cha umeme kinachopita ndani ya waya. 5500 gawa kwa 220 ni ampia 25. Lakini umeme wetu wa TANESCO umepangwa kuwa volti 230, na koili ya hita haina akili ya kujizuia. Ikipewa volti zaidi inavuta zaidi. Kwa volti 230 hita hiyo hiyo inakaribia wati 6000, na ampia zinafika 26. Ile ya 7500 inaruka hadi wati 8200, karibu ampia 36. Ile ndogo ya 3500 inakaa kwenye ampia 17 hivi. Shika namba hizi tatu: 17, 26 na 36.

Plagi zetu za pembe nne, zile za kichwa cha miguu mitatu, ni za ampia 13. Mwisho wake ni wati 3000 tu. Kwa hiyo hakuna hita ya bafuni ya aina hii inayopaswa kuchomekwa kwenye soketi, hata ile ndogo. Anayekuambia utaichomeka tu anakuuzia moto.

Tuje kwenye waya wenyewe. Dukani utasikia waya wa moja na nusu, wa mbili na nusu, wa nne, wa sita, wa kumi. Hizo ni milimita za mraba za shaba iliyomo ndani, yaani upana wa barabara ambayo umeme unapita. Wa moja na nusu ni wa taa. Wa mbili na nusu ni wa soketi. Kanuni ambazo mafundi wetu wamefundishiwa, zile za Uingereza zinazoitwa BS 7671, zina majedwali yanayosema kila waya unabeba nini ukiwa wapi. Kwa nyaya za shaba zenye ganda la PVC zinazopita ndani ya bomba la plastiki ukutani, hewa ikiwa na joto la nyuzi 30, wa moja na nusu unabeba ampia 17.5, wa mbili na nusu 24, wa nne 32, wa sita 41, wa kumi 57. Kumbuka ile hita ya kawaida inataka 26. Tayari umeona kwamba waya wa soketi, ule ambao fundi anauamini kwa kila kitu, hauufikii mzigo huo.

Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika pwani nzima kwa kubeba mzigo wa kama frasila mbili, kilo 32 hivi, kutoka hapa hadi Bagamoyo, na mzigo ukizidishwa waliutua chini wakagoma, msafara mzima ukasimama. Waya hauna kinywa cha kugoma. Utautwisha mara mbili ya uwezo wake nao utabeba, utabeba leo na kesho, ila utapata joto. Na joto hilo halipandi polepole: ampia zikiwa mara mbili, joto ndani ya waya linakuwa mara nne. Ganda la PVC limetengenezwa kuvumilia nyuzi 70. Likivuka hapo kila siku linakauka, linapasuka, na shaba inabaki uchi juu ya mbao za dari.

Nimetaja nyuzi 30 makusudi, maana hapo ndipo mambo ya Tabora yanapoachana na mambo ya kitabu. Nyumba zetu nyingi ni za bati, na nyaya zetu nyingi zinapita darini. Septemba na Oktoba, jua la saa nane likiwa juu ya bati, ndani ya dari si mahali pa kukaa mtu. Majedwali yanasema joto la mahali likifika nyuzi 40, uwezo wa waya unashuka hadi asilimia 87. Likifika 50 unashuka hadi asilimia 71. Waya wa nne uliokuwa ukibeba 32 sasa unabeba chini ya 23. Wa sita unashuka kutoka 41 hadi 29. Fundi anayesema "wa nne unatosha kwa hita ya 5500, kitabu kinasema hivyo" amesoma mstari mmoja na kuacha mwingine chini yake.

Kwa hiyo msimamo wangu, baada ya kuwasikiliza mafundi ninaowaheshimu, ni huu. Hita ndogo ya 3500, waya wa nne na breka ya 20. Hita ya 4500 au 5500, waya wa sita na breka ya 32, na kama waya hauna njia nyingine ila kupita chini ya bati la moto, panda hadi wa kumi. Hita ya 7500, waya wa kumi na breka ya 40, bila mjadala. Nyumba ikiwa ndefu, bafu liko uani na mein swichi iko sebuleni mbele, hapo umbali nao unadai haki yake. Kwenye mita 20 za waya wa sita, hita ya 5500 inapoteza kama volti 4, na hizo hazina neno. Kwenye mita 20 za waya wa mbili na nusu inapoteza zaidi ya volti 9, na wati 230 hivi zinaishia ukutani kama joto. Unazilipia kwenye mita ya LUKU, haziogeshi mtu, na zinapika nyumba yako.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye breka, kwa sababu hapa ndipo nimeona hatari kubwa kuliko zote.

Kuna nyumba moja ya wageni kwenye barabara ya kwenda Urambo, sitaitaja. Mwenyewe, mama mtu mzima na mkarimu, alikuwa akisikia harufu ya kitu kuungua kwenye chumba kimoja, akamwita fundi, nami nikafuatana naye. Fundi akapanda darini na tochi. Alichokikuta ni hiki: umeme wa hita ulikuwa umechukuliwa kwenye taa ya bafuni, kwa waya wa moja na nusu, kwa konekta ndogo ya plastiki. Konekta ilikuwa imeyeyuka ikashikana na ubao. Waya mwekundu umegeuka rangi ya kahawia kwa urefu wa kiganja, na alipoukunja kidogo ganda likamegeka likabaki mkononi mwake. Ubao wenyewe ulikuwa na doa jeusi.

Akashuka, akaenda kwenye mein swichi. Njia ya taa, ambayo kwa kawaida huwa na breka ya ampia 5 au 10, ilikuwa na breka ya 32.

"Mama," akauliza, "hii nani aliibadilisha?"

"Aliibadilisha fundi wa kwanza, baba. Ile ndogo ilikuwa inajikata kila mgeni akioga. Akaniletea hii kubwa, ikatulia."

Ikatulia. Msikilizaji, breka ile ndogo ilikuwa inafanya kazi yake kwa uaminifu. Ilikuwa inasema mzigo ni mkubwa kuliko waya. Kazi ya breka ni kuulinda waya, na kuchagua breka kunaanza na waya. Hita ndiyo inayochagua waya, waya ndio unaochagua breka. Ukianzia mwisho, ukaweka breka kubwa ili hita isikatike, umeondoa mlinzi ukamwacha mwizi ndani. Isitoshe, breka ya 32 haijikati palepale ampia zikifika 33. Kwa jinsi inavyotengenezwa inaweza kupitisha hata 36 kwa muda mrefu bila kushtuka. Waya wa moja na nusu ulikuwa ukibeba 26 kila mgeni alipooga, chini ya breka ambayo kwayo 26 ni mzigo mwepesi. Ile nyumba ilisalimika kwa sababu mama alikuwa na pua nzuri na hakupuuza.

Breka yako ikijikata mara kwa mara, mwite fundi atafute sababu. Asibadilishe breka kabla hajauona waya kwa macho yake, kuanzia mein swichi hadi bafuni. Na hita ipewe njia yake peke yake. Isichangie na taa, isichangie na soketi, isichangie na pampu. Waya utoke kwenye breka yake, upite kwenye swichi ya nguzo mbili, ile mafundi wanayoiita DP, inayokata laini na nyutro kwa pamoja, kisha uingie kwenye hita. Swichi hiyo ikae nje ya mlango wa bafu, ambako mkono wenye maji hauifikii. Maungio yafanywe kwa konekta za kaure zenye ukubwa unaolingana na waya, zikazwe kwa bisibisi mpaka mwisho. Kusokota nyaya mbili na kuzizungushia tepu ni kazi ya redio ya betri. Kwenye ampia 26 ungio lililolegea linapata joto kuliko waya wenyewe.

Jambo la pili ninalotaka mlipe uzito ni ethi, yaani ule waya wa ardhi. Hita nyingi za aina hii zina koili iliyolala ndani ya maji yenyewe. Maji yanayokugonga kichwani yamegusa koili yenye umeme sekunde moja kabla. Kinachokulinda ni muundo wa hita, waya wa ethi, na kifaa cha kukata umeme unaovuja. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, maji hayo yanapitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji laini, kwa hiyo soma kijitabu cha hita uone kama imeruhusiwa kwa maji hayo. Zipo zilizotengenezwa mahususi kwa maji ya chumvi, koili yake ikiwa imefunikwa. Ziulizie.

Hapa Tabora ethi ina matatizo yake. Fundi anachimbia fimbo ya shaba nje ya ukuta, anaiunga, kazi imekwisha. Fimbo hiyo inategemea unyevu wa udongo. Kuanzia Mei hadi Oktoba huku kwetu mvua ni chache sana, na udongo wetu wa kichanga unakauka mpaka chini. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Basi angalia jinsi mambo yanavyokutana: miezi ambayo hita inawashwa kila alfajiri ndiyo miezi ambayo ethi ya nyumba ni dhaifu kuliko wakati wowote wa mwaka.

Tupige hesabu tena. Tuseme fimbo yako kiangazi ina ukinzani wa omu 50. Hita ikipata hitilafu, mwili wake au bomba la chuma likashika umeme, kiasi kitakachokimbilia ardhini ni 230 gawa kwa 50, ampia 4.6. Breka ya 32 haitajua hata kama kuna jambo. Bomba litabaki na umeme mpaka atokee mtu wa kuligusa. Ndiyo maana breka peke yake haitoshi bafuni. Lazima kuwe na kifaa cha kuhisi umeme unaovuja, kile chenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, na kiwe cha miliampia 30. Hicho hakisubiri ampia nyingi. Umeme kidogo ukipotea njia kinakata kabla moyo haujadhurika, hata ethi ikiwa dhaifu. Bonyeza kitufe hicho kila baada ya miezi michache. Kikibonyezwa kisikate, hakina kazi, kibadilishwe. Na fimbo ya ethi ikae mahali penye unyevu, kwa mfano karibu na maji ya bafu yanapomwagika, si pale penye kokoto kavu mbele ya nyumba kwa sababu tu ni karibu na mita.

Kuhusu kununua waya, fungua macho. Zipo nyaya sokoni ambazo kwa nje zimeandikwa sita na ndani shaba yake ni pungufu. Zipo pia zilizopakwa shaba juu huku ndani ni alumini, ambayo haibebi sawa na shaba na inalegea kwenye konekta. Kwanza, soma maandishi kwenye ganda: lazima yataje ukubwa, jina la mtengenezaji na kiwango, na tafuta alama ya ubora ya TBS, Shirika letu la Viwango. Pili, kwaruza ncha kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, ile ya kupaka inatoa weupe. Tatu, hesabu nyuzi. Waya wa sita wa kawaida una nyuzi saba, kila mmoja kipenyo chake milimita 1.04. Wa nne una nyuzi saba za 0.85. Wa kumi una saba za 1.35. Fundi mwenye kaliba ya kupimia anamaliza ubishi dukani kwa dakika moja. Muuza duka mwaminifu hatakasirika ukimwomba akukatie ncha.

Waya wa kumi una bei, najua. Roli moja ya waya mzuri inaweza kuzidi bei ya hita yenyewe mara kadhaa, na hapo ndipo watu wanapokata kona. Ushauri wangu ni kwamba ukikosa pesa ya waya mkubwa, punguza hita. Tabora si London. Kule Uingereza maji ya bomba wakati wa baridi yanakaribia kuganda, ndiyo maana hita zao zinafika wati 9000 na 10,000. Hapa kwetu hata asubuhi ya Juni maji ya tanki yako kwenye nyuzi 20 hivi. Unataka 38 kuoga kwa raha. Kupandisha lita tatu kwa dakika kwa nyuzi 18 kunahitaji wati 3800 tu. Hita ya 4500 inamtosha kabisa mtu wa Tabora, na anayenunua 7500 amelipia moto ambao atauzima kwa kufungua maji zaidi. Tena dakika kumi za hita ya 5500 zinakula karibu yuniti moja ya LUKU. Watu watano wakioga hivyo kila siku, mwezi unaishia yuniti kama 150, na wale waliokuwa kwenye kundi la matumizi madogo ya yuniti 75 kwa mwezi wameshatoka kwenye kundi hilo.

Nirudi kwa wenye nyumba za wageni, maana mji huu ni mji wa wageni. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa Tabora, Novemba 1857, Livingstone akakaa kwenye tembe la Kwihara mwaka 1872, reli ikatufikia 1912 na Kigoma 1914, na leo gesti zimejipanga kutoka Manyoni hadi Ujiji, kila moja na ubao wa maji moto. Gesti yenye vyumba kumi, kila chumba hita ya 5500, ikiwashwa yote kwa pamoja inataka ampia 260. Na wageni wa basi huoga saa ile ile, kumi na moja alfajiri. Umeme wa fezi moja hauwezi kabisa kubeba mzigo huo. Mwenye gesti anatakiwa aombe fezi tatu, agawe vyumba vyake sawasawa, apate waya mkuu na mein swichi ya ukubwa unaolingana, au aweke tanki la maji ya moto linalopashwa na jua, ambalo kwa jua tulilonalo huku ni jambo la busara sana. Kuongeza hita moja moja kila mwaka kwenye waya ule ule wa mwanzo ni kuwalaza watu juu ya hatari wasiyoijua.

Na hapa naomba wahusika wanisikie. Sheria inataka kazi ya wayaringi ifanywe na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na nyumba mpya inapoomba umeme TANESCO lazima mkandarasi huyo asaini. Utaratibu ni mzuri. Lakini ukaguzi unafanyika siku ya kuunganishiwa, na hita inakuja miaka mitano baadaye, Jumamosi jioni, kwa fundi wa mtaani, bila karatasi wala sahihi. Hakuna anayerudi kutazama. Zile kanuni za umeme za Uingereza zilipoandikwa mara ya kwanza London mwaka 1882, Mtemi Mirambo akiwa bado anatawala Urambo, ziliitwa kanuni za kuzuia hatari ya moto. Umeme ulikuwa bado mchanga na tayari walijua moto unaanzia kwenye waya. Sisi tunao umeme mwingi sasa, bwawa la Julius Nyerere peke yake limejengwa kwa megawati 2,115, na laini za umeme zinazidi kusogea magharibi. Vifaa vikubwa vitaingia kila nyumba. Ningependa kuona maduka yanayouza hita yanalazimika kubandika kwenye boksi, kwa Kiswahili, ukubwa wa waya na breka. Ni karatasi moja tu.

Vijana wetu waliosoma umeme kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, wenye leseni au wanaofanya kazi chini ya mwenye leseni, wapo hapa hapa Tabora. Mwombe fundi akuonyeshe leseni yake kabla hajapanda darini. Hataona ametukanwa, aliye nayo anaionyesha kwa furaha.

Leo, kabla mtu hajaoga, fanya mambo mawili. Soma kibandiko cha hita yako uone wati. Halafu nenda kwenye mein swichi, zima breka moja moja hadi hita ife, uone ni breka ipi inayoilisha na imeandikwa ngapi. Ikiwa hita imekufa pamoja na taa au soketi, au breka ni ya 32 na hujui ukubwa wa waya ulio nyuma yake, iache imezimwa, bandika maji jikoni kama ulivyofanya miaka yote, na mwite fundi mwenye leseni wiki hii. Na kama ukisikia harufu ya plastiki kuungua au ukiona moshi darini, zima mein swichi, toa watu nje, piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Usimwage maji.